Piga Hesabu Kabla ya Kuchomeka Plagi

Geuza birika lako la umeme, utazame chini yake. Utakuta kibandiko, au maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki, yanayosema kitu kama hiki: 220-240V, 50/60Hz, 1850-2200W. Nyumba nyingi hapa Lumakanda, Lugari, huchemsha chai ya asubuhi kwa birika la namna hiyo bila mtu kuyasoma maandishi hayo hata siku moja. Siwalaumu wenye nyumba, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba mstari ule mfupi unabeba majibu ya maswali yanayowasumbua kila mwezi. Mbona tokeni ya stima imeisha upesi hivi? Mbona plagi inapata moto? Je, waya huu utahimili shawa ya maji moto ninayotaka kuweka?

Majibu hayo unaweza kuyapata mwenyewe kwa kalamu na karatasi, au kwa kikokotoo cha simu yako. Kuna kuzidisha na kugawanya tu. Mwanafunzi wa darasa la sita akionyeshwa mara moja ataifanya hesabu hiyo, na ningependa sana aifanye pamoja na wazazi wake.

Nalisema jambo hili kwa uzito kwa sababu ya jinsi stima ilivyoingia vijijini kwetu. Mradi wa serikali wa kusambaza stima, uitwao Last Mile, ulipoanza mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa umeme ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Familia nyingi za Lugari ambazo zisingeweza kamwe kulipa zile 35,000 zikapata mwanga, watoto wakasoma usiku bila moshi wa koroboi. Hiyo ni neema. Lakini nyumba nyingi zilianza na balbu mbili na soketi moja, na waya uliotosha mzigo huo tu. Kisha ikaja pasi, ikaja televisheni, ikaja friji ndogo, zikaja taa za kulelea vifaranga, na vyote vikaning'inizwa kwenye soketi ileile ya kwanza kwa ekstensheni. Waya ndani ya ukuta ni uleule wa siku ya kwanza.

Tuanze na vipimo. Volti ni msukumo wa umeme. Kwa nyumba za Kenya msukumo huo umepangwa kuwa volti 240. Ampea ni kipimo cha mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo usipite. Wati ni kipimo cha nguvu: kasi ambayo kifaa kinatumia umeme na kuugeuza kuwa joto, mwanga au mwendo.

Vipimo hivyo vinafungwa pamoja na kanuni mbili. Ya kwanza ni ya Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani, na aliyeichapisha mwaka 1827: volti ni sawa na ampea mara omu. Ya pili ni kwamba wati ni sawa na volti mara ampea. Ukijua vipimo viwili kati ya vinne, viwili vilivyobaki unavipata.

Sasa rudi kwenye birika. Wati 2200 gawanya kwa volti 240 unapata ampea 9.2 hivi. Huo ndio mkondo unaopita kwenye waya wako maji yanapochemka. Volti 240 gawanya kwa ampea 9.2 unapata takriban omu 26, na huo ndio ukinzani wa koili iliyo chini ya birika. Kuna njia ya mkato ambayo ningependa uikariri: 240 mara 240 ni 57,600. Chukua 57,600 ugawanye kwa wati za kifaa chochote cha kupasha joto, unapata omu zake papo hapo. Pasi ya wati 1200 ina omu 48, na inavuta ampea 5. Shawa ya umeme ya wati 5500 ina omu 10.5 tu, na inavuta karibu ampea 23.

Tazama vizuri namba hizo, kwa maana wengi hudhani kinyume chake. Kifaa chenye nguvu nyingi kina ukinzani mdogo. Shawa inavuta umeme mwingi kwa sababu haiuzuii sana.

Kibandiko kile pia kina namba mbili za wati, 1850 na 2200, na tofauti hiyo ina sababu yake. Jaribu hesabu: 220 mara 220 ni 48,400, na ukigawanya kwa 1850 unapata omu 26.2. Halafu 57,600 gawanya kwa 2200, unapata omu 26.2 vilevile. Koili ni ileile moja. Kilichobadilika ni msukumo uliopewa. Basi ukiwa mwisho wa laini, jioni kila mtu amewasha, volti zikashuka hadi 200, birika lako halitoi wati 2200 tena. 200 mara 200 ni 40,000, gawanya kwa 26.2, unapata wati 1527. Nguvu imepungua kwa karibu sehemu tatu kati ya kumi, ingawa volti zimepungua kwa sehemu moja tu kati ya sita. Lita moja na nusu ya maji ambayo ingechemka kwa dakika tatu na nusu itachukua dakika tano. Usikimbilie kulaumu birika, wala usidhani tokeni inaibwa: maji yaleyale yanahitaji karibu umeme uleule, yakichemka haraka au polepole.

Upande wa hatari ndio ninaotaka usome kwa makini zaidi.

Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Ampea 13 mara volti 240 ni wati 3120. Hicho ndicho kikomo cha soketi moja, pamoja na ekstensheni yoyote uliyoichomeka hapo, hata kama ekstensheni hiyo ina matundu sita. Birika na pasi kwa pamoja ni wati 3400, sawa na ampea 14.2. Tayari umevuka. Na ekstensheni nyingi za bei ya chini zinazouzwa sokoni zina waya mwembamba kuliko unavyodhani. Waya laini wa milimita za mraba 0.75 unafaa ampea 6 tu, wa 1.0 unafaa ampea 10. Soma ubavuni mwa waya wenyewe, huwa umeandikwa. Ukiona 0.75, huo ni wa redio, televisheni na chaja ya simu. Birika lisiguse hapo. Na ukitumia ekstensheni ya kuviringisha kwa kazi nzito, ikunjue yote, maana waya uliojikunja unafungia joto ndani yake.

Fyuzi yenyewe ichaguliwe kwa hesabu ileile. Televisheni ya wati 60 inavuta ampea 0.25, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inaitosha kabisa. Fyuzi ya ampea 5 inatosha kifaa cha hadi wati 1200. Mtu anayeondoa fyuzi iliyokatika na kuzungushia kipande cha waya au karatasi ya sigara amewaondolea watu wa nyumba yake kinga, na sitatafuta neno laini la kulisema.

Lakini kitu kinachochoma nyumba nyingi hata pale ambapo waya ni mnene na fyuzi ni sahihi ni maungio mabovu. Nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Skrubu ya soketi haikukazwa, au imelegea kwa miaka ya kuchomeka na kuchomoa. Pini ya plagi imeingia kutu. Mahali hapo pana ukinzani kidogo, tuseme nusu omu. Nani angeogopa nusu omu?

Joto linalotoka mahali penye ukinzani ni ampea mara ampea mara omu. Taa mbili za kulelea vifaranga, za wati 250 kila moja, zinavuta ampea 2.1. Zikipitia ungio hilo, 2.1 mara 2.1 mara 0.5 ni wati 2.2. Hakuna kitu. Miezi inapita salama. Siku moja mtu anachomeka birika kwenye laini hiyohiyo: ampea 9 mara 9 mara 0.5 ni zaidi ya wati 40. Hilo ni joto la chuma cha kulehemia redio, limebanwa mahali padogo kama punje ya mahindi, ndani ya plastiki, labda karibu na paa la mbao. Tena volti zinazopotea hapo ni 4.5 tu, kwa hiyo birika linafanya kazi kama kawaida na taa hazififii. Fyuzi nayo haikatiki, kwa sababu ampea 9 ni halali yake. Hakuna dalili isipokuwa harufu ya plastiki, rangi ya kahawia kwenye soketi, au plagi inayounguza kidole ukiichomoa. Ukiona moja kati ya hizo, zima swichi kuu na umwite fundi siku hiyohiyo. Usisubiri mwisho wa mwezi.

Jambo lingine linalotokea sana mashambani ni kuvuta stima kutoka nyumba kubwa hadi jikoni, hadi banda la kuku, au hadi kibanda cha kunyoa kilicho kando ya barabara. Tuseme ni mita 60. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 120. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una takriban omu 12 kwa kilomita, hivyo mita 120 ni omu 1.45. Ukichomeka birika huko, omu zote ni 26.2 jumlisha 1.45, na mkondo ni ampea 8.7. Volti 12.6 zinapotelea njiani, na waya unapasha moto hewa kwa wati 109 ambazo umezilipia. Ukitumia waya wa 2.5, wenye omu 7.4 kwa kilomita, hasara inashuka hadi wati 70. Ukitumia ule wa 0.75 kwa ubahili, hasara inapanda hadi zaidi ya wati 200, na waya wenyewe umebeba zaidi ya unavyoruhusiwa. Waya mnene una bei, ndiyo. Lakini unaununua mara moja, na hasara ya waya mwembamba unailipa kila siku kwenye tokeni.

Wenye sola wasidhani hayo hayawahusu. Kinyume chake, yanawahusu zaidi. Kifaa cha wati 60 kwenye umeme wa volti 240 kinavuta robo ampea. Kifaa cha wati 60 kwenye betri ya volti 12 kinavuta ampea 5, mara ishirini zaidi. Na kwa kuwa joto linafuata ampea mara ampea, waya uleule unapoteza mara mia nne. Vuta waya wa 1.5 mita 15 kutoka kwenye betri hadi chumba cha mwisho: mita 30 kwenda na kurudi, omu 0.36, volti 1.8 zimepotea kati ya 12. Ndiyo maana taa ya chumba cha mwisho inafifia na mwenyewe anadhani betri imekufa. Weka betri karibu na matumizi, tumia waya mnene, na ufupishe njia. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa moja ina wati-saa 1200 kwa hesabu, lakini kama ni ya asidi, kama ile ya gari, usiimalize kupita nusu, la sivyo maisha yake yatakuwa mafupi.

Sasa mwili wa binadamu, maana nao una omu zake. Ngozi kavu ina ukinzani wa maelfu ya omu. Ukiwa umelowa, miguu peku kwenye sakafu ya saruji, unaweza kushuka hadi omu 1000 hivi. Volti 240 gawanya kwa 1000 ni ampea 0.24. Mkondo huo unaweza kuua. Na ile fyuzi ya ampea 13 haijui kama kuna mtu: kwake 0.24 ni kama taa moja imewashwa. Fyuzi na sakiti breka za kawaida zinalinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhi uliofungwa vizuri, pamoja na ile swichi inayohisi umeme unaovuja na kukata ukifika ampea 0.03. Muulize fundi kama bodi yako ya stima inayo. Kama una shawa ya umeme na huna swichi hiyo, acha kuoga nayo mpaka iwekwe. Na koili ya kutumbukiza kwenye ndoo, ambayo wanafunzi wengi wanaipenda, ichomolewe kwanza ukutani kabla mkono haujagusa maji ya ndoo. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Turudi kwenye tokeni. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Wati mara saa gawanya kwa 1000, basi. Birika la wati 2200 kwa dakika tano ni yuniti 0.18. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni yuniti 0.3. Zile taa mbili za vifaranga, wati 500 kwa saa 12 za usiku, ni yuniti 6. Wiki tatu za kulea vifaranga ni yuniti 126. Tangu Aprili 2023, viwango vya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kwa nyumba vina ngazi tatu kwa mwezi: hadi yuniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100, na kadiri ngazi inavyopanda ndivyo bei ya yuniti inavyopanda. Kwa hiyo vifaranga peke yao wanaweza kuipeleka nyumba iliyokuwa ngazi ya chini hadi ngazi ya juu kabisa. Mfugaji ajue hilo kabla ya kupanga bei ya kuku. Azibe upepo kwenye banda, aweke kuta za maboksi kuwakinga, na azime taa moja vifaranga wanapoanza kuota manyoya.

Ukitaka kujua nyumba nzima inavuta wati ngapi sasa hivi, mita inakuambia. Kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake imeandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja. Ikiwa ni 1000, hesabu mimweko kumi huku ukiangalia sekunde, kisha gawanya 36,000 kwa sekunde hizo. Mimweko kumi ikichukua sekunde 30, unatumia wati 1200. Ikiwa imeandikwa 1600, gawanya 22,500 badala yake. Zima kila kitu ndani ya nyumba, na kama taa bado inamweka kwa haraka, kuna kifaa ulichosahau, au kuna umeme unaovuja, au kuna mtu amejiunga kwako.

Mwenye multimita apime omu za birika au pasi kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa, si vinginevyo, na swichi yake ikiwa imewashwa ili njia iwe wazi. Birika la omu 26 likisoma 26, koili ni nzima. Likisoma bila kikomo, imekatika. Usipime hivyo balbu za LED, hazifuati hesabu hii. Balbu ya zamani ya waya nayo itakudanganya, kwa sababu ikiwa baridi omu zake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya zile inazokuwa nazo ikiwaka. Na mashine za kusaga, pampu na friji zina mota, ambazo zikianza huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida. Ndiyo sababu taa za jirani huyumba mashine ya posho inapowashwa. Kwa mota, soma ampea zilizoandikwa kwenye bati lake, usizitafute kwa kugawanya.

Hesabu hizi si leseni ya kufungua bodi ya stima. Kazi ya waya ni ya fundi aliyesajiliwa na EPRA, na una haki ya kuomba akuonyeshe leseni yake. Ila mwende mkizungumza lugha moja. Mwambie: nataka shawa ya wati 5500, ni ampea 23, utaniwekea waya wa unene gani na breka ya ngapi? Fundi anayeijua kazi yake atakutajia waya wa milimita za mraba 4 au 6, kutegemea urefu, uliotoka moja kwa moja kwenye bodi na breka yake peke yake. Anayekuambia kwamba utaungwa tu kwenye soketi iliyo karibu, usimpe kazi hiyo.

Jioni ya leo, zungukeni nyumba nzima na watoto, msome vibandiko, muandike wati za kila kifaa kwenye daftari, mgawanye kwa 240, kisha mjumlishe ampea za kila soketi. Soketi yoyote itakayopita 13, punguzeni mzigo wake kabla ya kulala.